Kupata Jeshi

Mwaka huu tangazo limenikuta sina karatasi. Nilikuwa nimebakiwa na rimu moja na kipande, na ilipofika saa nne asubuhi foleni ilishatoka nje ya kibanda changu, ikampita muuza chipsi, ikafika kwa fundi viatu. Hapa Mwanga, Kigoma mjini, hatungoji taarifa ya habari kujua kwamba JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, wanachukua vijana wa kujitolea. Tunajulia kwenye bahasha za kaki.

Nina steshenari: mashine moja ya kopi, kompyuta mbili, printa inayokohoa, na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Siku za kawaida wateja wangu ni walimu wenye mitihani ya kudurufu na akina mama wa vikoba. Siku za tangazo ni vijana watupu. Wanakuja na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kitambulisho cha taifa au kile kikaratasi chenye namba tu, na barua ya serikali ya mtaa ambayo muhuri wake bado unanuka wino. Wengine wamevilaza vyeti ndani ya msahafu au ndani ya Biblia ya mama, visije vikakunjika.

Barua za maombi ndizo zinazonichosha. Kijana anasema, "Kaka, nitengenezee mfano, mimi nitanakili kwa mkono." Namuuliza anataka iseme nini. Ananitazama kama nimemuuliza jina la rais. "Si ile ya siku zote." Ile ya siku zote inasema kwamba ana moyo wa kizalendo, na kwamba tangu utotoni ndoto yake ni kulitumikia taifa. Nimeichapa sentensi hiyo mpaka vidole vinaimaliza vyenyewe huku mimi nikihesabu chenji. Halafu wanakaa kwenye benchi, ulimi nje, wanainakili neno kwa neno.

Wakiwa pale kwenye benchi wanapiga soga, na kwenye soga hakuna ndoto wala utotoni. Kuna neno moja tu: kupata. "Yule wa Gungu alipata mwaka juzi." "Dada yake kapata jeshi, sasa hivi yuko Monduli." "Mwaka huu nikikosa, umri ndiyo basi." Simsikii anayesema anataka kuwa askari. Jeshi linapatikana, kama kiwanja kinavyopatikana, kama mchumba. Wala siwacheki. Mwaka 2009 nilikaa kwenye benchi la mtu mwingine na bahasha yangu mapajani, nikisema hivyo hivyo.

*

Nilikuwa na miaka 20. Kidato cha nne nilikimaliza 2007, nikatoka na divisheni foo ya pointi nisizopenda kuzitaja, na tangu hapo nilikuwa nabeba mizigo Kibirizi, mwaloni, ambako mama alikuwa akiuza dagaa. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, imara, lakini bati lake lilikuwa la zamani za marehemu baba. Mvua ikinyesha tulikuwa tunapanga masufuria sebuleni, kila moja na sauti yake, bendi kamili.

Habari ya nafasi ililetwa na Baba Mdogo. Yeye alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka na kuikalia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kisha Novemba 2 Mwalimu akasema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, Baba Mdogo alikuwa kijana anayekwea michikichi kule Manyovu. Akapanda lori. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa mahali fulani nyuma huko, anasukuma gari lililonasa kwenye tope, na mpaka leo hasira ya kuikosa siku hiyo haijamtoka. Vita vilipokwisha mgambo wengi walirudishwa makwao. Alirudi na koti, redio na kovu la mguu ambalo asili yake hubadilika kufuatana na wasikilizaji. Akarudi kwenye michikichi. Lakini ukimsikiliza jioni utadhani maisha yake yote yalikuwa ni miezi ile tu, na kabla na baada ya hapo alikuwa akivuta muda.

Basi alikuja siku hiyo, akakaa, akatazama juu kwenye kutu, akaniambia: "Mwanangu, jeshi litakupa bati."

Nimelifikiria sana neno hilo baadaye. Mtu aliyekwenda vitani kwa wito wa redio, bila kuuliza posho, alipotaka kunishawishi mimi hakuleta Kagera. Alileta bati. Sidhani alikuwa mnafiki. Alikuwa anazungumza lugha aliyoona naielewa.

JKT wakati huo ilikuwa imerudi. Ilianzishwa Julai 1963, ikaacha kuchukua vijana 1994, ikaanza tena kupokea wa kujitolea 2001. Wale wa mujibu wa sheria, wa kidato cha sita, walirudishwa baadaye, 2013. Sisi divisheni foo njia yetu ilikuwa hiyo ya kujitolea: mkataba wa miaka miwili, na kutoka pale, ukijaliwa, unachukuliwa JWTZ (jeshi la ulinzi lenyewe), Polisi, Magereza au kwingine. Ukijaliwa. Hilo neno tuliliruka kwa haraka, kama unavyoruka dimbwi.

Usaili ulianza na mwili. Tulipimwa urefu, tukasoma herufi ukutani, tukaonyesha meno na nyayo kama mbuzi wa mnada, tukakimbizwa. Mwili haukunisumbua, magunia ya dagaa yalikuwa yameshanifanyia mazoezi. Kazi ilikuja mezani.

"Babu yako mzaa baba amezikwa wapi?"

"Manyovu."

"Manyovu ipi?"

Nikataja kijiji, kitongoji, na mwembe ulio jirani na kaburi.

"Pale si ukirusha jiwe linaangukia Burundi?"

Msomaji wa Kigoma hapa atacheka bila raha, kwa sababu kila mtu wa kwetu ana jiwe lake. Kiha na Kirundi vinaelewana, na mpaka ulichorwa na watu waliokuwa hawajui hata kimoja. Mtu wa Tanga akizungumza Kidigo hakuna anayemshuku kuwa Mkenya papo kwa papo. Sisi lafudhi yetu inafika mezani kabla ya cheti. Najua nchi ina haki ya kumjua anayempa bunduki, na naelewa mkoa wetu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Bado inauma kuulizwa hivyo siku ile ile uliyokuja kujitolea. Nilipomsimulia Baba Mdogo alitema mate pembeni, akasema: "Mwaka 78 hakuna aliyeniuliza babu yangu kazikwa wapi."

Nilipita. Wiki kadhaa baadaye majina yakabandikwa ukutani, na langu lilikuwemo. Nililisoma mara tatu kwa kidole. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akilitafuta jina la mwanawe kuanzia juu kwenda chini, kisha kuanzia chini kwenda juu, kana kwamba huenda lilijificha.

*

Kikosi nilichopangiwa kilikuwa Mafinga, huko Iringa. Kigoma tuna vikosi vyetu, Bulombora na Kanembwa, na siku hizi Mtabila kule Kasulu, ila kijana wa huku hupangiwa kwingine na wa kwingine akaletwa huku. Na Mtabila ina kisa chake. Mwaka 2009 ilikuwa bado kambi ya wakimbizi wa Burundi. Ilifungwa mwishoni mwa 2012, na leo kuruta wanapiga kwata pale pale ambapo watu walijenga vibanda kwa kuwakimbia askari. Sijui ardhi inasemaje.

Nikapewa orodha ya vitu vya kwenda navyo. Orodha hiyo haijabadilika sana, kila mwaka naitolea kopi: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, mfuko mmoja nyuma, ifike magotini. Fulana ya kijani isiyo na maandishi. Raba. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Kwa wa mikoa ya baridi, nguo za baridi. Mama aliuza mzigo wa dagaa kwa bei ya hasara ili vipatikane. Sweta alilinunua kwenye mitumba, lina picha ya mnyama mwenye pembe amesimama kwenye theluji. Fundi alinishonea bukta kwa makini kama anashona suti ya harusi.

Usiku wa pili kabla ya safari tulikuwa barazani, mama anachambua dagaa kwenye ungo, mimi nashika tochi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na jioni ile milima ya Kongo ilionekana ng'ambo ya ziwa, karibu kabisa, kama inavyokuwa mvua ikishaosha vumbi. Mama akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Ukitumwa ng'ambo?"

Inabidi nieleze ng'ambo kwa mama ilikuwa nini. Wateja wake wakubwa walikuwa wanawake wa Kongo wanaovuka na maboti kuja Kibirizi. Mwishoni mwa 1996, nikiwa na miaka saba, watu walivuka ziwa kwa maelfu kuikimbia vita upande wa Uvira na Fizi, na mwaka huo huo ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Mwanamke mmoja na watoto wake wawili walilala kwetu siku sita kabla ya kuchukuliwa kwenda kambini. Tulimwita Mama Fizi. Miaka baadaye alirudi kwao, akawa anavuka kununua dagaa kwa mama, mkopo, bila maandishi. Huyo ndiye aliyetuhadithia kuhusu askari. Alisema walikuja wenye magwanda, wakaja wasio na magwanda, wakaja wenye magwanda nusu, na wote walitaka mbuzi. Alikuwa akicheka alipofika kwenye mbuzi. Yaliyofuata baada ya mbuzi hakuyasema mbele ya watoto.

Kwa hiyo "ng'ambo" haikuwa neno la ramani. Yalikuwa ni majina ya watu.

Nikamjibu haraka. "Mama, sitatumwa. Nitaomba kazi ya ofisini. Au udereva."

Mama akaendelea kuchambua. "Haya, sawa."

Hakusema lingine. Hakunikataza, hakulia, hakuniapiza. Ningependa kusimulia kwamba alinipa hotuba, maana ingekuwa rahisi kumlaumu. Nililala nikiisikia sauti yangu mwenyewe ikisema sitatumwa, sitatumwa. Usiku wa manane nikaelewa kwamba nilikuwa naomba kazi huku naomba nisije nikaifanya. Bati nililitaka. Heshima ya kupita mtaani na kombati niliitaka pia, nisidanganye. Kile kitu chenyewe, cha kuambiwa nenda nikaenda, nilikuwa nimekizungukia kwa nyuma kama mtu anayepita uani kukwepa mdai.

Sikwenda. Na wala sikutangaza uamuzi wowote wa kishujaa. Siku ya safari niliugua malaria ambayo kipimo hakikuiona. Treni ikaondoka stesheni ya Kigoma bila mimi. Mtaani nikapewa jina la Mkimbizi, jina ambalo kwa Kigoma lina ladha mbaya mara mbili. Baba Mdogo hakunisemesha mpaka 2012. Bukta niliichezea mpira ikaisha.

*

Sasa nimseme aliyekwenda.

Tulimwita Kuruta tangu darasa la tano. Shuleni ndiye aliyekuwa akiongoza mchakamchaka, na wakati sisi tulikuwa tukivizia kona ya mwembe ili tujifiche mpaka mstari urudi, yeye alikuwa anahesabu kwa sauti na kupiga mguu mpaka vumbi linaruka. Alikuwa anapiga pasi kaptula kwa mkaa. Alikuwa anapenda kupangwa na alikuwa anapenda kupanga. Usaili tulifanya siku moja, treni aliipanda peke yake. Na mama alimuuliza swali lile lile, asubuhi alipokuja kuaga akanikuta nimejifunika blanketi la uongo. Ukitumwa ng'ambo? Akasema, "Nitaenda, mama. Kwani huko kambini nakwenda kufanya nini?"

Aliniandikia barua moja tu kutoka Mafinga, karibu yote inahusu baridi. Mtoto wa ziwani, aliyezoea kuoga jua likiwa utosini, anaamshwa saa kumi alfajiri na umande uko kama sindano. Malengelenge. Fatiki za shambani na za kubeba kuni. Kulala hanga moja na vijana wa kila kabila, mmoja anakoroma Kisukuma, mwingine anaota Kimakonde. Kusema "afande" mpaka kwenye ndoto. Wiki ya tatu, anasema, alikuwa anaweza kulala amesimama. Mwisho wa barua aliandika: "Wewe ungekimbia siku ya pili. Mimi nimefika nyumbani." Sikumjibu, nilikuwa na wivu.

Alichukuliwa JWTZ 2011. Baadaye akatumwa. Ng'ambo kweli, na mbali kuliko Uvira: upande wa Beni, Kivu Kaskazini, na kikosi chetu kilichokuwa kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 2013 na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Alirudi salama, mkimya kidogo. Alinisimulia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba kizee mmoja alimsikia akizungumza, akamuuliza kama ni wa Kigoma, kwa kuwa aliwahi kuishi Nyarugusu na lafudhi anaijua. La pili hakulimaliza.

Desemba 2017 alikuwa likizo. Tulikuwa kijiweni Ujiji tunakunywa kahawa, redio ikatoa habari kwamba kambi ya walinda amani huko Semuliki, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, ilivamiwa tarehe 7 na askari wetu zaidi ya kumi wameuawa. Kuruta aliweka kikombe chini. "Barabara hiyo nimeipita," akasema. Akalipa kahawa za watu wote, na za wale asiowajua pia, akaondoka. Wazee wakabaki wanabishana kuhusu siasa za Kongo.

Leo ni koplo. Amejenga Gungu, bati la msauzi, jekundu. Nikimtania kuwa jeshi limempa bati ananijibu kwamba bati hata mimi ninalo. Ni kweli. Nililiezeka 2016, na kopi za shilingi mia mia.

*

Nisieleweke vibaya. Sioni aibu yoyote kijana kuutazama mshahara. Ukitaka kujua jinsi mshahara na jeshi vilivyo ndugu wa damu, panda treni usiku mmoja ufike Tabora. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi tulilolirithi kwa Mwingereza, waliasi: tarehe 20 kule Colito, Dar es Salaam, na kesho yake kikosi cha pili kilichokuwa Tabora. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu alilazimika kuwaita Waingereza hao hao waje kuwanyang'anya silaha. Jeshi likavunjwa, likaanzwa upya kwa vijana wengi waliotoka kwenye Umoja wa Vijana wa TANU, na Septemba 1 mwaka huo JWTZ ikazaliwa. Mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alikuwa ofisa kijana pale pale Tabora wakati wa maasi. Jeshi lililopo, basi, lilizaliwa kwa swali hili hili ninaloliona kwenye benchi langu: ni kazi, au ni kitu kingine?

Serikali yenyewe jibu lake inaliandika wazi. Kila mwaka mwishoni mwa tangazo kuna sentensi kwamba JKT haitoi ajira wala haihusiki kuwatafutia vijana ajira, inatoa mafunzo ya uzalendo, ukakamavu na stadi za kazi. Huwa nawasomea kwa sauti. Wanacheka. Wanaichukulia kama maandishi ya pakiti ya sigara. Aprili 2021 ilitangazwa kwamba vijana 854 wameondolewa makambini baada ya kugoma na kutaka kuandamana wakidai ajira. Walikuwa wametumika kwenye kazi kubwa za ujenzi, ukiwemo ule ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanite kule Mererani. Baadaye Rais Samia akawasamehe. Nakumbuka jinsi benchi langu lilivyogawanyika wiki ile. Wengine walisema wamejiharibia wenyewe. Wengine walisema wana haki, wamejenga. Mimi nilijiona katikati yao wote 854, kwa sababu ningekuwa ndani ya kambi moja na malengo yangu ya bati, miaka miwili ikapita, ningegoma wa kwanza.

Katikati ya njaa hiyo wanaingia matapeli. Mama mmoja kutoka kijijini alikuja kwangu kutoa kopi ya risiti ya simu. Alikuwa ameuza mbuzi na kipande cha shamba la michikichi, akamtumia mtu aliyemwahidi "nafasi ya uhakika" ya binti yake. Mtu huyo alikuwa na picha ya sare kwenye wasifu wake wa simu, basi. Nilimwambia tukaripoti polisi, akaniuliza kama polisi watamwondoa binti kwenye orodha kwa hasira. Orodha ambayo haikuwepo. Mwanangu, ndugu yangu, yeyote unayesoma: maombi hayalipiwi. Yanaanzia wilayani, majina yanabandikwa ukutani, na anayekudai hata elfu kumi ya soda ya mkubwa ni mwizi.

Mabinti wameongezeka kwenye foleni, karibu nusu siku nyingine. Wao wana mtihani wa ziada, kipimo cha mimba, na maneno ya ziada nyumbani. Ila nimegundua kwamba binti akija kwangu na bahasha, mara nyingi ameshagombana na mtu mzima mmoja au wawili kuhusu jambo hilo, kwa hiyo amelifikiria. Wavulana hawagombani na mtu. Wanasukumwa kwa upole na ukoo mzima, kama mimi.

Je, najuta? Siku moja tu nilijuta kwelikweli. Mei 2015, Warundi walipofurika kule Kagunga wakikimbia fujo za kwao, MV Liemba ilikuwa ikiwaleta bandarini Kigoma, safari baada ya safari, halafu wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Liemba yenyewe ilianza maisha yake ikiwa meli ya vita ya Wajerumani, mwaka 1915. Nilikwenda bandarini na maji ya chupa na sikujua niyapeleke kwa nani. Watu walikuwa wanaumwa, kipindupindu kilikuwa kimeshaanza. Kijana mmoja mwenye sare, sijui ya jeshi au ya nini, alikuwa anashuka ngazi na bibi kizee mgongoni, anarudi, anashuka na mwingine. Hakuonekana kuwaza. Aliambiwa beba, akabeba. Mimi nilisimama na chupa zangu, huru kabisa.

*

Jumatano iliyopita mpwa wangu alisimama kwenye foleni. Hakuruka mstari, alingoja zamu yake kama mtu baki, nikampenda kwa hilo. Ana miaka 19. Akaweka bahasha kaunta.

"Mjomba, kopi nne nne."

"Barua je?"

"Nimeandika mwenyewe."

Sikuomba kuisoma. Jioni nikafunga duka, tukaenda naye kwa mama. Baba Mdogo naye alikuwepo, siku hizi haendi mbali kwa sababu ya ule mguu. Mama haendi tena Kibirizi ila dagaa bado analetewa, anachambua kwa mazoea. Nilijua litakuja, na likaja kabla ya chai.

"Mjukuu wangu, ukitumwa ng'ambo?"

Nikamwangalia yule mtoto. Nilitegemea jibu langu au jibu la Kuruta. Akafikiri, akasema:

"Kufanya nini, bibi?"

Baba Mdogo akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Huyu hawamchukui! Siku ya kwanza tu wanamrudisha."

Mama aliacha kuchambua, akamtazama mjukuu wake muda mrefu kidogo. Halafu akamsogezea ungo ashike upande wa pili.

Asubuhi nilipofungua duka nikagundua kopi moja ya cheti chake ilitoka na mstari mweusi katikati ya jina. Nikamtolea nyingine, nikampelekea mwenyewe kwa mguu kabla wilayani hawajafungua.